Kiti Kilichomng'oa Mzungu

Hii niliiona mwenyewe kwenye baraza la Matinyani, na nilikuwa mbele kabisa, mahali pangu pa kawaida. PC, yaani mkuu wa mkoa, alikuja kutuhutubia, lakini lori la viti lilikwama kwenye mchanga wa mto. Chifu akamrukia mzee aliyekuja na kiti chake cha miguu mitatu. Na huku kwetu kiti cha mzee hakikaliwi na mtu mwingine.

"Mzee, hebu simama, mkubwa akae."

Mzee akainuka polepole, akakipangusa kwa koti. "Karibu, Bwana PC. Wa mwisho kukikalia alikuwa PC mzungu, wakati wa mkoloni. Alininyang'anya hivi hivi."

"Mkamfanya nini?" PC akauliza, akiwa ameshaanza kuinama.

"Hatukumgusa. Alipata tu uhamisho. Halafu bendera yao ikashuka."

PC akanyooka kama mlingoti. Akahutubu amesimama, tena kwa ufupi, huku mzee ameketi mbele yake akiitikia kwa kichwa.

Sisi tuliozoea kuchomwa na jua mpaka jioni tulimpigia mzee makofi. Nimeshamwomba aniazime hicho kiti. Nina shemeji aliyekuja kutusalimia Krismasi, na sasa tumevuna ndengu, bado yupo.