Beseni la Kandambili

Juzi binti yangu aliniletea kamusi ya Kiingereza, akaweka kidole kwenye neno sanctuary. Maana ya kwanza ni patakatifu pa kanisa. Ya pili ni mahali ambapo, tangu zamani, mtu anayefukuzwa hakamatwi. Nilipoisoma hiyo ya pili, harufu ya mpunga mbichi ikanijia.

Ilikuwa mchana, utotoni mwangu kule Bwegera, mashariki ya Kongo, penye mashamba ya mpunga, na barabara ilikuwa imenyamaza, hata mbwa. Tulikimbilia kanisani, tukavua kandambili mlangoni kama kawaida yetu. Mama akanivuta hadi madhabahuni, ambako sisi watoto tulikatazwa kukanyaga. Shemasi, mzee mwenye kikohozi, akazikusanya kandambili zote katika beseni.

“Mama, leo tunaoshwa miguu kama Alhamisi Kuu?” niliuliza kwa furaha.

“Nyamaza, mwanangu.”

Sikujua kwamba kandambili mlangoni zingewaambia wenye bunduki waliokuwa wanakuja kuwa ndani kuna watu. Shemasi aliingiza beseni hadi madhabahuni, akavua na zake kwa mazoea, akaziweka juu.

“Musiogope,” alisema. “Minye nafunga kwa inje, waone kanisa iko tupu.”

Tukasikia kufuli likifungwa. Baadaye vikaja viatu vizito na sauti za ukali, kisha kikohozi cha shemasi kikaondoka pamoja nazo, kuelekea mtoni.

Jioni majirani walivunja kufuli, kila mtu akachukua kandambili zake. Kamusi ya binti yangu haisemi lolote juu ya anayebaki nje. Beseni lilikaa pale madhabahuni hadi tulipohama, na jozi moja ndani yake.