Chura wa Miss Hobbs

Chumba chenyewe kilinuka mpira wa viatu na gundi. Zamani kilikuwa stoo ya magodoro ya mazoezi, na magodoro hayakuondolewa. Yalisukumwa tu ukutani yakafunikwa shuka lenye picha za twiga. Humo ndimo walimotutia sisi tusiojua Kiingereza, mwaka tuliofika Birmingham kutoka Mombasa. Mimi nilikuwa na miaka tisa, mdogo wangu Rukia mitano, na pamoja nasi walikuwa watoto wengine wa mtaa wetu wa Alum Rock ambao wazazi wao walishuka ndege majuzi tu. Nyumbani nilikuwa nasoma gazeti la baba yangu mpaka ukurasa wa mwisho. Hapa nilikalishwa sakafuni, nikaonyeshwa picha ya mpira, nikaambiwa nipige makofi.

Mwalimu wetu, Miss Hobbs, alikuwa amerudi kutoka Japani, alikokaa miaka miwili akifundisha watoto wa chekechea Kiingereza kwa michezo na vitabu. Miaka ile miwili ilimtosha kujiona bingwa kwa maisha yake yote. Tukipiga kelele, alituambia watoto wa Japani hawapigi kelele. Tukinyamaza, watoto wa Japani walikuwa wachangamfu zaidi. Alikuwa na mtindo wa kuinama akisalimia, na akamwinamia hata mzee mmoja wa Kisomali aliyekuja kumchukua mjukuu wake. Mzee wa watu akadhani mwalimu ameangusha kitu, akaanza kumsaidia kutafuta. Sisi Miss Hobbs alizungumza nasi kwa sauti kubwa na kwa kuvuta maneno, mdomo ukifunguka na kufungika kama wa samaki, utadhani ugonjwa wetu ulikuwa wa masikio. Vitabu vyake vilikuwa vya kurasa ngumu za kutafunwa na watoto wachanga: mpira mwekundu, mpira wa buluu, basi. Sijamwona tena mtu mzima akifurahi namna ile kwa sababu ya rangi ya mpira.

Mchezo alioupenda kuliko yote ulikuwa wa chura. Alikuwa chura wa kitambaa, kijani, mwenye macho ya vifungo. Mtoto yeyote akitamka neno lisilo la Kiingereza, wote tulitakiwa kuimba, "Chura! Chura!" na mtoto huyo akabidhiwe chura amshike mpaka mwingine akosee. Aliyekuwa na chura hakupewa kibandiko cha nyota wala kuchagua kitabu. Miss Hobbs aliimba kwa sauti kuliko sisi sote, na mashavu yalimng'aa kwa raha.

Rukia hakuwa na neno hata moja la Kiingereza. Akitaka kwenda chooni alisema Kiswahili, akaimbiwa. Akiniita dada, akaimbiwa. Chura akawa wake. Aliyemsaidia hakuwa mimi, maana nami niliogopa. Alikuwa Haruka, msichana wa Kijapani ambaye baba yake alihamishiwa kiwanda cha huku. Miss Hobbs alimpenda Haruka kwa fujo, akimnong'oneza Kijapani chake cha kuokoteza, na Haruka alimtazama kama unavyomtazama mtu mwenye chakula kidevuni usiyetaka kumwambia. Kila asubuhi, Rukia akishapewa chura, Haruka alisema neno la Kijapani kwa sauti, taratibu, akanyoosha mkono. Sisi tukaimba. Akampakata chura kimya mpaka tunatoka.

Lakini Rukia alikuwa keshajifunza somo lake. Aliacha kusema. Si darasani tu, hata nyumbani. Akitaka maji alionyesha kikombe. Mama alidhani ni baridi, akamkanda kifua kwa mafuta, akamsomea dua. Siku ya tatu alinikalisha jikoni na kuniuliza huko shuleni mnafanywa nini, nami nikamweleza habari za chura. Mama aliacha kumenya vitunguu.

"Hata huku?" akasema.

Kisha akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Alipokuwa shule ya msingi, mtoto aliyesema Kiswahili alivikwa kibao shingoni, na aliyelala nacho alichapwa asubuhi. Yeye alichapwa mara nyingi.

Kesho yake alivaa buibui lake, tukaenda naye. Aliingia chumbani bila kubisha, na Miss Hobbs akamwinamia.

"Mwambie," mama akaniambia, akimnyooshea kidole yule chura aliyekuwa mapajani mwa Haruka, "mwambie mimi kitu hiki nakijua. Nilivikwa nikiwa mdogo kuliko wewe. Mwambie mwanangu amekuwa bubu."

Nikatafsiri kwa Kiingereza changu kibovu. Miss Hobbs akacheka kidogo.

"Lakini ni mchezo tu, mpenzi! Japani waliupenda sana. Si ndiyo, Haruka?"

"Hapana," Haruka akajibu kwa Kiingereza. "Shule yangu, mwalimu kama wewe. Tulilia."

Miss Hobbs akapiga makofi. "Sikieni! Haruka ametunga sentensi!" Akambandika nyota kifuani.

Sijui kama mama aliyaelewa yale maneno. Kile kicheko alikielewa. Alimchukua chura kutoka mikononi mwa Haruka, akamtia kwenye mfuko wa sokoni, akamshika Rukia mkono, akatoka. Mwalimu mkuu alipiga simu nyumbani akidai mali ya shule. Mama akamwacha aseme mpaka akachoka.

Mimi nilihamishiwa darasa la kawaida. Miss Hobbs, mwaka ulipokwisha, aliondoka kwenda nchi nyingine kuwabariki watoto wa huko. Rukia alikaa wiki kadhaa bila kusema, na siku aliyofungua kinywa alisema Kiingereza. Kwenye Kiswahili hakurudi tena.

Sasa Rukia anaishi Stechford na ana watoto wawili. Shule yao ina ukuta uliopakwa salamu za dunia nzima, na ile ya kwetu ni "Jambo", kwa rangi ya njano, pembeni pana simba. Majuzi walimwomba aende kuwasomea watoto hadithi ya Kiswahili, lugha waipendayo mno siku hizi. Akashindwa, nikaenda mimi. Mwalimu, kijana mwenye tabasamu kama la yule wa kwetu, aliniuliza kama ningeweza kuifanya iwe mchezo. Nikamwambia siwezi.

Jumamosi tunakutana kwa mama, Bordesley Green. Mambo ya chakula na ya watoto Rukia anayafahamu, anajibu kwa Kiingereza. Lakini mama ni mtu wa vichekesho, na vichekesho vyake haviko kwenye chakula. Anasimulia, nacheka, yeye mwenyewe anacheka mpaka anafuta machozi. Rukia ananigeukia, namweleza polepole, naye anacheka kwa moyo wote. Wakati huo mama keshamaliza kucheka, anakusanya vikombe.