Kibao cha Zamu ya Maji

Bibi Tokie Uramoto alikuwa amebakiwa na jaruba moja tu la mpunga, chini kabisa ya bonde, pale mfereji unapoishia. Mengine yaliota nyasi tangu mumewe alipofariki, Mungu amrehemu. Hilo moja alililima mwenyewe, na miaka yake sabini na nne, mgongo umepinda. Walikwisha kukubaliana na mwanawe Koji, anayeishi Osaka: mwaka litakapomshinda, atafunga nyumba ahamie kwake, ghorofa ya tisa. Tokie aliiona ghorofa hiyo mara moja. Hata pa kuanika figili hapana.

Basi mwezi wa sita mwaka huo, miche ina wiki moja ardhini, maji yakaacha kuja.

Pale kijijini maji huenda kwa zamu, na zamu huenda kwa kibao. Nyumba iliyotundikiwa kibao langoni, mtu wake huamka alfajiri, hupanda mpaka juu kwenye mlango wa mfereji, huzoa majani yaliyoziba, huufungua, na jioni huufunga na kukitundika kibao kwa jirani anayefuata. Asiye na kibao haugusi mlango ule, hata awe na haraka gani. Kuna watu wawili pale hawakusalimiana miaka ishirini, lakini kibao walipelekeana bila kukosa.

Sasa nyumba iliyo kabla ya ya Tokie ilikuwa imenunuliwa na Bwana Duncan.

Huyu Duncan alikuwa amekaa Japani miaka kumi na mmoja, na hilo alikwambia kabla hujamaliza kumwamkia. Alikwisha kuandika vitabu viwili kuhusu roho ya Wajapani. Wanaume wa kijiji walivaa mabuti ya mpira na kofia za chama cha wakulima. Yeye alivaa kimono hata akienda kununua sabuni. Siku moja alimkuta Tokie akimimina chai kutoka kwenye chupa ya kutunzia moto, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Bibi, nyanya yako hakunywa chai namna hiyo."

Nyanya yake Tokie alikunywa maji ya moto matupu. Wakati ule wa vita majani ya chai angeyapata wapi? Lakini Tokie aliinama tu, akasema, "Asante kwa kunifundisha."

Siku ya kusafisha mfereji kila nyumba ilitoka na jembe. Duncan alitoka na kamera. Alisimama ukingoni akawapiga picha waliozama matopeni, akasema ushirikiano wao umemtoa machozi. Kisha akaenda kuyafutia nyumbani.

Siku ya nne bila maji, Tokie alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Sadao Kageyama, ambaye yeye Tokie ndiye aliyembeba mgongoni Sadao alipokuwa mtoto mchanga. Nyumba ya Sadao ndiyo inayotangulia ya Duncan kwenye zamu.

"Sadao, kibao ulikipeleka?"

"Nilikitundika kwa Mwalimu Duncan jioni ya Jumatatu, shangazi."

"Na leo Ijumaa."

"Labda ameshikwa na kuandika. Tumvumilie, ni mgeni."

"Mgeni! Mbona akitufundisha historia yetu huwa mwenyeji?"

Sadao alicheka, akajikuna shingo. Jaruba lake lilikuwa juu, limejaa, hakuwa na haraka. "Shangazi nawe! Ukimwambia wazi ataaibika. Na kesho watu wa gazeti wanakuja kumhoji. Kijiji kitajulikana."

"Mpunga wangu haujui kusoma gazeti."

"Haya, haya. Nitakwenda kumdokeza."

Akaenda, akadokeza. Alisema jua limekuwa kali. Alisema mimea inateseka, hasa ya watu wa chini. Duncan akaitikia kwa moyo wote, akamsomea shairi alilotunga mwenyewe juu ya ukame. Sadao akarudi na pakiti ya biskuti.

Asubuhi ya Jumamosi Tokie alishuka jarubani. Udongo ulikuwa umepasuka, nyufa zinaingia kidole. Ncha za miche zilikuwa njano. Aliporudi ndani simu ikalia.

"Mama, jaruba vipi mwaka huu?"

"Lipo," akasema, akakata.

Alinawa miguu, akaenda kwa Duncan.

Sebuleni walikaa watu watano wa mjini, mmoja wao msichana wa gazeti na daftari lake. Duncan alikuwa amepiga magoti mbele yao. Nyuma yake, kwenye shubaka la heshima, juu ya chombo chenye ua moja, kilitundikwa kibao cha zamu ya maji.

"Niliwekewa langoni bila neno," Duncan alikuwa akisema. "Ndivyo mnavyotoa zawadi nyinyi Wajapani, kimya kimya. Hii ni hirizi ya hekalu, ina miaka mia tatu. Tundu hili alilitoboa kuhani."

"Samahani kwa kuwaingilia," akasema Tokie. Akainama, akapita katikati yao, akakitungua kibao.

"Bibi! Taratibu, hicho ni kitu cha kale!"

"Ni ubao wa kasha la samaki," akasema Tokie kwa upole. "Kile cha zamani kilichukuliwa na mafuriko. Hiki alikichonga mume wangu mwaka nilipomzaa Koji. Tundu ni la msumari. Siku za mvua bado kinanuka samaki."

Msichana wa gazeti aliziba mdomo, mabega yakimtikisika.

Duncan aliiva uso. "Lakini hakuna aliyeniambia."

"Uliambiwa mkutanoni, mwezi wa tatu. Uliitikia, ukaandika."

"Nilidhani wananisimulia mila za kale."

"Jaruba langu linakauka leo, bwana."

Akatoka. Alipanda kilima akipumzika mara tatu njiani, akazoa majani kwa mikono, akafungua. Maji yalimtangulia kushuka. Alipofika chini yalikuwa yameshaingia, yana povu na vijiti, yakinywewa na nyufa kwa sauti. Mistari miwili ya pembeni ilikufa. Iliyobaki ikasimama.

Zamu ilipozunguka tena, hakuna mkutano uliokaa wala neno lililosemwa. Sadao alipita na kibao mbele ya lango la Duncan, akakitundika kwa Tokie. Duncan alikuwa amesimama hapohapo na kimono chake.

"Usijisumbue, Mwalimu," Sadao akamwambia akiinama sana. "Wewe una kazi yako ya kuandika."

Jioni Tokie alimwombea Duncan mbele ya madhabahu ya nyumbani ya kumkumbuka mumewe, kama anavyowaombea wote waliopotea. Lakini kibao hakumrudishia.

Mwezi wa kumi alimfungia Koji gunia la mchele mpya. Gazeti la wiki ile lilikuwa na makala ya Duncan: alieleza jinsi wanakijiji, kwa heshima waliyokuwa nayo kwake, walivyomwondolea kazi za mikono, kama walivyofanyiwa mabwana wa zamani. Picha yake ilikuwa kubwa, karatasi nzuri, nene.

Tokie akazifungia figili kwa karatasi hiyo, akazitia juu ya mchele.