Mama Ndani, Bwana Nje

Kiwanda kilipoacha kutoa posho, mama yangu alikuja kutoka ziwa Tshangalele na kikapu cha samaki wakavu. Alikuja kukaa na mtoto wetu wa miezi minane ili niende kuuza sokoni. Bwana yangu, fundi wa kuchomelea vyuma, hakulipwa tena. Mama akirudi ziwani, hatuli. Ni hivyo tu.

Lakini nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili vidogo na mlango mmoja. Kwao bwana na kwetu, mkwe mwanamume hakai chumba kimoja na mama wa mke wake, wala hamtazami usoni. Basi mama akiwa ndani, bwana alikula bukari, ugali wetu, nje chini ya ukingo wa paa, na ilikuwa miezi ya mvua. Waliongea kupitia mtoto.

"Mwambie baba yako bukari inapoa," mama alisema, mgongo umeelekea mlango.

"Mwambie nkambo yako asante," bwana akajibu, anakohoa.

Mtoto hakumwambia mtu kitu. Alikuwa anatafuna kijiko.

Hasira ilinijaa. Sekondari tulifundishwa kwamba mila haiko katika damu. Mtu anajifunza mila kama anavyojifunza kuongea. Nilikuwa nimeyaandika maneno hayo kwenye daftari. Mchana mmoja, mvua ikipiga, nikamvuta bwana mkono mpaka ndani, nikamkalisha mbele ya mama.

"Watu waliitunga, watu wanaweza kuiacha," nikasema. "Minye nimechoka."

Mama alijifunika kitenge usoni akatoka. Bwana naye akatoka, akapita upande mwingine. Wote wawili wakalowa, kila mmoja na ukuta wake, mimi nimebaki na mtoto na sufuria.

Mama aliporudi alianza kufunga kikapu.

"Umenivua nguo mbele ya mukwe."

"Mama, anakohoa."

"Nasikia. Unafikiri niko kiziwi? Weye ulisoma, lakini haukuuliza. Kwetu kuna namna ya kumuingiza mukwe. Mama anamupikia, anamukaribisha mwenyewe, kuogopana kunaisha."

"Sasa mbona haukumupikia?"

Alivuta kamba ya kikapu.

"Inaomba kuku. Uliona kuku wapi hapa?"

Kumbe ilikuwa aibu. Majuma yote yale ya mvua, kwa ajili ya kuku. Nilitaka kupiga kelele, nikauliza tu: "Nani alisema kuku?"

"Mama yangu."

"Yeye alikuwa na kuku. Weye uko na samaki."

Alilegeza kamba. Kisha akafungua kikapu, akachagua samaki mkubwa kuliko wote.

Nilimpelekea bwana habari, kwa sababu mkwe naye lazima alete kitu. Kesho yake adhuhuri alikuja na mbabula mpya, jiko la makaa alilolikata kwenye pipa kuukuu. Mama alikuwa amepika samaki na sombe, majani ya muhogo. Akasimama mlangoni, uso wazi.

"Ingia, mutoto yangu. Kula."

Aliingia, akala akitazama sahani, kisha taratibu akainua macho.

"Kumbe uko mwembamba hivi," mama akasema.

"Mama, nilikuwa nakula mvua."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta.

Jirani aliona ile mbabula akataka kununua yake, na mwingine pia. Mama alikaa. Mtoto alipoanza kutembea, hatua zake za kwanza zilitoka magotini kwa nkambo zikafika kwa baba, ndani ya chumba kile kile.