Mwalimu wa udereva aliyeuliza jumla ya ada

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi jua la Al Khoudh, Oman, limeshachachamaa, na Buthaina binti Mahfoudh amekaa upande wa abiria, mguu wake wa kulia ukiwa juu ya breki ya mwalimu. Mwanafunzi wake, msichana wa chuo kikuu, anarudisha gari nyuma katikati ya mapipa ya mazoezi. Macho yake hayabanduki kwenye pipa moja.

"Usilitizame pipa. Ukilitizama utalifuata," anamwambia kwa sauti ya chini. "Tizama kioo. Polepole, mwanangu. Nani anakukimbiza?"

Gari linapita. Msichana anashusha pumzi. Bi Buthaina hasemi hongera. Anaandika saa kwenye kidaftari na kumwambia arudie.

Ana umri wa miaka hamsini na mitatu. Kazi hii hakuzaliwa nayo wala hakuiota. Aliingia baada ya msiba.

Mwaka 2017 mumewe, Hatem, alikuwa amesimama pembeni mwa barabara kuu akibadilisha gurudumu. Kijana aliyekuwa na leseni ya wiki mbili alilikosa gari la Hatem kwa hatua chache, akamgonga mwenyewe. Hatem alifariki kabla ya kufikishwa hospitali. Binti yao pekee, Ghadeer, alikuwa na miaka kumi na mitatu.

"Watu walinambia nimchukie yule kijana," anasema. "Nilijaribu, sikuweza. Hakufunzwa, basi. Alipewa funguo kabla ya kufunzwa."

Alipomaliza eda alijiandikisha mafunzo ya ualimu wa udereva. Leo anatoza riali sita kwa saa na hufundisha wanawake peke yao. Anaishi Sidab, katika nyumba ya marehemu baba yake, na kila siku huvuka mji mzima kwenda Al Khoudh, kwani wanafunzi wake wengi wako huko.

Fidia ya kifo cha Hatem ilitoka baada ya miaka miwili. Fungu la Bi Buthaina na la Ghadeer lilifika riali elfu kumi na tano. Jamaa walikuwa na mawazo mengi: duka, gari la kukodisha, dhahabu. Yeye akaamua kununua fleti ndogo ya vyumba viwili Al Khoudh, aipangishe, na kodi imsomeshe binti.

"Nilisema pesa hizi zisitawanyike. Hizi ni damu ya mtu. Nikae nazo pahala ntakapoweza kuziona."

Bei ilikuwa riali elfu arubaini na saba. Alitoa zile elfu kumi na tano, na benki ikamkopesha elfu thelathini na mbili kwa miaka ishirini, hati ya fleti ikiwekwa rehani. Riba ilikuwa asilimia nne na nusu, na kila mwezi alirejesha riali mia mbili na mbili. Kodi ilikuwa mia mbili na ishirini. Ukitoa rejesho hilo na kumi na tano za matunzo ya jengo, kilichobaki ni riali tatu.

"Tatu!" anasema, akionyesha vidole. "Watu wakiniita mama mwenye nyumba."

Hata hivyo fleti ilijilipia, na hilo lilimtosha. Kilichomtisha ni mwaka 2023, mpangaji wa kwanza alipohama na fleti ikakaa miezi mitatu bila mtu. Bi Buthaina aliuza bangili zake za harusi ili benki isikose hata mwezi mmoja.

Mpangaji aliyekuja baadaye ni Anjelina, Mtanzania wa Morogoro, mhudumu wa watoto katika shule ya chekechea. Anakaa na mwenzake, Belinda, na kodi wanagawana. Tangu waingie hawajachelewa kulipa.

Mwezi wa nne mwaka huu ukaja ujumbe wa benki. Miaka mitano ya riba isiyobadilika ilikuwa imekwisha. Riba mpya, asilimia sita. Rejesho jipya, riali mia mbili na ishirini na tatu.

Bi Buthaina aliusoma ndani ya gari, akaufunga, akaufungua tena. Katika mkataba maneno hayo yalikuwamo tangu mwanzo, ukurasa wa kumi na moja, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza. Siku ya kutia saini hakuna aliyemsomea, naye hakuuliza.

Mwezi wa sita mambo yakaja pamoja. Chuo kilifungwa, wanafunzi wakarudi kwao, na kompresa ya kiyoyozi cha fleti ikafa siku za joto kali. Fundi alitaka riali mia na arubaini. Alimlipa fundi, na kwa mara ya kwanza rejesho la benki likampita bila kulipwa.

Jioni ile alikwenda kwa Anjelina kumwambia kodi itapanda riali ishirini na tano. Anjelina alimkaribisha, akamwekea maji na tende, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, sisi tukitoa hiyo, mimi simtumii mama yangu hela ya dawa," alisema. "Sikulaumu. Ila nisikudanganye, tutahama."

"Mtahamia wapi?"

"Chumba cha watu sita. Wapo wanaokaa hivyo."

Bi Buthaina aliziona akilini bangili zake alizouza. Aliiona na ile miezi mitatu ya fleti tupu. Akaomba apewe mwezi mmoja, akaondoka bila kumaliza maji.

Ndipo akatokea Loay, kijana mmoja, dalali wa mikopo ya nyumba. Wazazi wake walirudi Oman kutoka Mwanza, na Kiswahili chake ni kizuri.

"Khalti, kwa nini ujitese?" alimwambia kwenye simu, akimwita mama mdogo kwa Kiarabu. "Nna benki itakayokupa asilimia nne na robo tatu. Rejesho lako litashuka mpaka mia mbili na sita. Hamia tu."

Riali kumi na saba kwa mwezi. Kwa mtu aliyekuwa akihesabu lita za petroli, zilikuwa nyingi. Wiki iliyofuata alikaa mbele ya meza ya Loay, karatasi zimeshapangwa, alama za manjano zikionyesha pa kutia saini. Ghadeer, ambaye sasa ana miaka ishirini na mmoja na anasomea ufamasia, alikuwa amekaa pembeni yake.

Bi Buthaina alishika kalamu, kisha akaiweka chini.

"Loay, mwanangu, kuhama kuna ada?"

"Kidogo kidogo tu, khalti. Zinaingizwa ndani ya mkopo. Hutazihisi."

"Sijakuuliza kama ntazihisi. Nnataka jumla."

Loay akacheka, akasema ni mambo ya kawaida. Yeye akarudia: jumla. Kijana akaanza kutaja moja moja, na Ghadeer akawa anaandika kwenye simu. Benki ya zamani itatoza mia mbili na sitini na tano kwa kuvunja mkataba kabla ya wakati. Benki mpya itatoza kiasi hicho hicho kwa kufungua mkopo. Kuthamini fleti, themanini. Bima, mia na ishirini. Kufuta rehani ya zamani na kuandikisha mpya, sabini.

"Mia nane kamili, mama," Ghadeer alisema.

"Na hii riba ndogo ni ya muda gani?"

Loay alikunja karatasi. "Miaka miwili."

Ghadeer akapiga hesabu tena. Kwa miaka miwili mama yake angeokoa riali mia nne na nane. Ili azipate angelipa mia nane, tena kwa kuzikopa na kuzilipia riba.

"Hapana aliyepandisha sauti," Ghadeer anakumbuka. "Mama alisema 'shukran', akachukua mkoba wake. Kwenye lifti ndipo akalia. Tangu baba azikwe sikuwa nimemuona akilia."

Bi Buthaina anasema hakulilia hasara, maana ilikuwa haijampata. "Nililia kwa sababu nilikaribia. Kalamu ilikuwa mkononi."

Kesho yake alikwenda kwenye benki yake mwenyewe, akachukua namba, akasubiri saa mbili. Ofisa aliyemhudumia, mwanamke aitwaye Mahfudha, alimsikiliza na kufungua kompyuta. Akamwambia kuwa mteja wa zamani anaweza kuomba riba isiyobadilika kwa miaka mitatu mingine, asilimia tano na robo. Rejesho riali mia mbili na kumi na tatu, ada hamsini, basi.

"Kwa nini hamkunambia kwenye ule ujumbe?"

Ofisa alitazama chini. "Hupewa anayeomba, bibi."

Aliomba. Wakakubaliana pia kuwa rejesho lililompita lilipwe kwa mafungu matatu.

Kisha alirudi kwa Anjelina. Safari hii alikwenda na karatasi yake, akaiweka mezani, akamwonyesha anacholipa benki na kinachobaki. Anjelina na Belinda waliisoma pamoja.

"Kumbe na wewe unapanga, Mama," Anjelina alisema taratibu. "Ila wewe umepanga kwa benki."

Wakaafikiana riali tano za nyongeza, na mkataba wa miaka miwili. Bi Buthaina bado anaongeza riali tatu kutoka mfukoni kila mwezi, lakini anasema fleti tupu ndiyo hasara asiyoiweza.

Wanafunzi wamerudi sasa na kidaftari chake kimejaa. Mwezi uliopita zamu yake katika mchezo wa kuchangiana pesa wa walimu wenzake ilifika, akapokea riali mia tano. Ghadeer alitaka wanunue mashine ya kufulia. Mama yake alizipeleka benki kupunguza deni lenyewe, baada ya kuhakikisha ada yake ni riali tano.

Ofisa alimgeuzia kioo cha kompyuta. Mwisho wa mkopo ulikuwa umesogea karibu kwa miezi mitano.

Anakusudia kufanya hivyo kila mwaka. Akijaaliwa atamaliza akiwa na miaka sitini na minne au sitini na mitano, si sitini na minane. Siku hiyo, anasema, hataki karamu. Atakwenda na Ghadeer kuichukua hati ya fleti, na kutoka hapo watakwenda moja kwa moja kuiandikisha fleti kwa jina la binti.

"Mie n'shauzoea mzigo huu," anasema akijifunga mkanda, mwanafunzi mwingine akiingia upande wa dereva. "Yeye asije akaanza na deni."