Ukuta wa Chokaa kwa Samaki wa Bibi

Mwanangu, siku ile ya kuamkia Idd naikumbuka vizuri, hapa hapa Likoni, nilipotaka kumletea bibi yangu bahari chumbani. Miguu ilikuwa imemkataa. Mwanamke aliyezoea miamba na kujua kila tundu la pweza, sasa alikuwa wa kitandani, akiuliza tu kama maji yamekupwa au yamejaa. Ilikuwa miaka ya arubaini, wakati wa vita, na nguo mpya zilikuwa adimu. Nikasema, bibi asipopata leso, atapata samaki.

Baba yangu, seremala, aliniundia sanduku la vioo akaliziba kwa lami. Nami nikavua visamaki wenye milia kwenye vidimbwi vya miambani, nikawaweka kivulini ndani ya ndoo ya maji ya bahari. Lililobaki ni pambo la nyuma, maana kioo kitupu hakina haiba, na samaki asiye na pa kujificha hatulii. Mjomba alikuwa mchoma chokaa. Nikawaza: chokaa ni matumbawe, matumbawe ni ya baharini, basi samaki watajiona wako kwao. Nilijiona nina akili kuliko mji mzima! Nikakoroga chokaa na mchanga, nikajenga ukuta wenye mapango, nikaupachika kauri, hata mama akaacha kuchambua mchele akaja kuutazama. Ulipokauka juujuu tu, nikajaza maji na kuinua ndoo ya samaki.

"Ngoja!" bibi akaniita kutoka kitandani. "Tia mkono kwanza. Sugua vidole."

Nikatia. "Mbona yateleza, bibi?"

"Ni chokaa hiyo. Jiwe likishapita motoni si la baharini tena. Maji hayo yatawaunguza matamvua, washindwe kupumua."

"Lakini kesho ni Idd! Wageni wataona nini?"

"Wataona ukuta wako. Kwani wawapambia wageni ama wawapambia samaki?"

Samaki wakabaki ndooni, nami nikanuna mpaka usiku. Mimi tangu utoto sina subira, na wanaonijua wanajua.

Kesho yake wageni wakaja, na bibi, uso mkavu kabisa, akawaambia, "Inameni taratibu, samaki wangu wana haya." Wakainama, pua kwenye kioo. Jirani yetu Bi Zuhura akaapa, wallahi, amemwona mmoja mwekundu pangoni. Wifi yake akabisha: si mmoja, ni wawili! Bibi akajifunika leso usoni akicheka mpaka kitanda kikalia. Nami nikacheka, hasira zote zikaniisha.

Baada ya hapo ikawa kazi ya kumwaga maji na kutia mengine, na samaki wa ndooni nao nikawabadilishia kila siku. Bibi kila asubuhi swali ni lile lile: "Yateleza?" Hata yalipoacha kuteleza, alitaka tumtie samaki mmoja tu kwanza, tumwangalie. Yule samaki akazunguka, akala, akaingia pangoni akatoka upande wa pili kama mwenye nyumba. Kesho yake tukawatia wenziwe wote. Bibi akawatazama, kisha akanishika mkono. "Pale," akasema, "pale hasa ndipo nilipokuwa nikivua pweza." Alikuwa akilia huku anacheka, na mimi sijapata kufurahi hivyo tena.

Basi mwanangu, ukimtengenezea mtu kitu, iwe nyumba, iwe nguo, hata harusi, mfikirie kwanza yule atakayeishi nacho. Kama hawezi kusema, tia mkono wako wewe umjaribie. Usiharakishwe na watakaokuja kusifu, maana hao hata sanduku tupu walilisifu.

Mungu akujaalie mikono yenye huruma, na nyumba ambayo kila aliyemo anapumua kwa raha. Amin.