Betri Zilizopumzishwa

Bare alikuwa mtu wa ngamia, na hilo ndilo lililomponza. Vita vilipomtoa ng'ambo ya mpaka ngamia wote walikwisha, akaingia kambi ya wakimbizi ya Hagadera na mkewe Hani na jenereta kuukuu ya shemeji yake. Kufikia mwaka tisini na nne alikuwa na kibanda sokoni, akichaji betri za gari ambazo watu walitumia kwa redio na taa. Jenereta aliielewa kwa kuisikiliza. Betri alizielewa kwa ngamia.

Maana ngamia aliyerudi safari hapakizwi mzigo siku hiyo hiyo; hata mtoto analijua hilo. Kwa hiyo betri iliyoletwa tupu Bare hakuigusa. Aliilaza kivulini juma zima, wakati mwingine mawili, ndipo aichaji. Na kweli, balbu yake ya kupimia, iliyokataa kabisa siku ya kwanza, baada ya mapumziko iliwaka wekundu kidogo. "Unaona?" angemwambia mteja, mkono kiunoni. "Imepata pumzi." Mteja aliondoka akimwombea dua.

Ila betri zenyewe zilizeeka upesi. Ile iliyokuwa ikiendesha redio usiku kucha ilianza kuzimika kabla ya isha, halafu hata kabla chai haijaisha kikombeni. Bare hakujiuliza kwa nini. Nyani haoni kundule. Kila betri iliyokufa ilikuwa na mwenyewe mzembe, na kusema watu Bare alijua.

Aliyesemwa kuliko wote ni Saynab, mjane aliyeendesha kibanda cha taar, ile redio ambayo watu wa kambi waliongea nayo na jamaa zao waliobaki kwao. Asubuhi moja betri yake ilizimika bi kizee Muslimo akiwa katikati ya mazungumzo na mwanawe. Saynab akamwendea Bare sokoni, watu wamejaa. Badala ya kuikagua betri, Bare alipaza sauti.

"Unaikamua mpaka damu! Ukishafunga kibanda unajichezea kaseti zako, kisha unakuja kunidanganya hapa!"

"Wallahi, walaal, ndugu yangu, taa ya redio ikififia tu, nazima."

"Betri haisemi uongo, Saynab."

Ulimi hauna mfupa. Haikuchukua muda foleni yote ikahamia kwa Noordin, mwenye taar nyingine upande wa pili wa soko, maana nani atampa mwongo salamu za mama yake azifikishe? Saynab alikaa peke yake na vipaza sauti vyake siku kadhaa, kisha akaibwaga ile betri mlangoni kwa Bare. "Ipeleke kwa ajuaye, aseme nani kaiua."

Bare aliipeleka Garissa kwa furaha, akajipatie ushahidi. Fundi mmoja, Jirma, aliipasua kwa msumeno, akachomoa plati, bamba la risasi la ndani. Ilikuwa imeshika ukoko mweupe, mgumu, kama birika lililochemshiwa maji ya kisima cha chumvi miaka mingi.

"Hii nani aliacha tupu?" akauliza.

"Tupu hapana," Bare alijibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Mimi nabumzisha yeye kwanza. Kama ngamia."

Jirma alicheka hadi akaweka msumeno chini. Alipoona mwenzake hacheki, akaeleza taratibu. Betri ikitumika, salfa iliyo ndani ya asidi huingia kwenye plati. Ukiichaji mapema hurudi ilikotoka. Ukiiacha inaganda, na iliyoganda hairudi. Kila mara plati hubaki na sehemu ndogo zaidi ya kufanyia kazi. Ule wekundu wa balbu haukuwa nguvu, ulikuwa mabaki tu.

"Betri si ngamia, mzee. Hiyo pumziko yako ndio ilikula yeye."

Njia nzima ya kurudi Bare aliona haya hata mbele ya abiria wasiomjua. Hakuwa akiwaza betri. Alikuwa akiisikia sauti yake mwenyewe ya siku ile sokoni, na jinsi ilivyokuwa tamu mdomoni, na alitamani ardhi ipasuke immeze.

Alimfuata Saynab nyumbani kwake, uani, akamweleza yote huku akitazama kandambili zake. Saynab alisikiliza akipepeta mtama.

"Ulinivunjia heshima sokoni," alisema, "na msamaha unakuja kuuombea penye mbuzi?"

Kesho yake asubuhi, soko limejaa, Bare alisimama mbele ya kibanda cha Saynab. Alikusudia kusema maneno mawili aondoke.

"Saynab hakusema uongo. Betri niliiua mimi, kwa kuiacha tupu. Nikamsingizia."

Watu wakasogea karibu. Kisha mwanamume mmoja akauliza, "Na yangu? Uliyoniambia sijui kuitunza?"

"Na yako."

"Na yangu?" Huyu alikuwa Sadiyo, muuza chai. "Uliyosema mwanangu aliichezea? Nilimchapa, Bare."

Bare alimgeukia. "Na yako, Sadiyo."

Saynab alikuwa mlangoni. "Umesema, nimesikia," alimwambia. "Sasa nenda zako. Leo sina moyo wa kukusamehe."

Bare akaitikia kwa kichwa, akageuka. Watu wakampisha njia pana kuliko aliyohitaji.